Salamu kwa Malunde

Nkoma, Itilima
9 Novemba 2024

Dada Specioza,

Tumsifu Yesu Kristo. Sisi wazima. Mvua ya kwanza imenyesha juzi na tumeanza kupanda pamba. Nakuandikia mapema ili barua ikufikie kabla ya Majilio, maana najua Majilio yakianza huko monasterini hampokei barua wala hamwandiki, na Kwaresima ni hivyohivyo. Jambo hili haliwezi kungoja Krismasi.

Malunde anachechemea.

Sijui kama utaweza kumwona akichechemea. Kwako bado ni yule mtoto wa punda uliyemnywesha maziwa ya mbuzi kwa chupa baada ya mama yake kufa, ukalala naye jikoni, mayu akafoka kwamba binti yake amemgeuzia jiko kuwa zizi. Ulipoondoka kwenda utawani alikuwa hata hajakomaa. Sasa ana mvi usoni, dada. Rangi yake ya mawingu, ile uliyompa jina kwa ajili yake, imefifia kama shuka lililofuliwa mno. Na ndiye miguu ya mayu. Tangu nyonga za mayu zianze kugoma, kila Jumapili Malunde ndiye anayempeleka kigangoni. Mayu anakaa upande, juu ya gunia la nyasi, mwavuli mkononi, kama bibi harusi.

Ilianza polepole. Asubuhi akitoka zizini mguu wa mbele wa kulia unakuwa mgumu kama mti. Akitembea kidogo unalegea. Kile kifundo juu ya kwato kimevimba, ukikishika kina joto. Jumapili iliyopita alipiga goti njiani, mayu akiwa mgongoni. Hakumwangusha. Aliinama taratibu tu, mayu akashuka, wakabaki wanatazamana.

Mjomba Josia anasema dawa ni chuma cha moto, tukichome hicho kifundo kama walivyokuwa wakichomwa ng'ombe wa zamani. Chuma chenyewe ameshakileta, kipo nyuma ya mlango. Mimi nilikuwa karibu kukubali. Mayu ndiye aliyesema, "Asiguswe mpaka mwenye mtoto aulizwe." Mwenye mtoto ni wewe.

Nikamwuliza, "Mayu, hakuna kingine cha kumwambia dada?" Akafikiri. Akasema, "Mwambie anakula vizuri, ila maganda ya viazi ameacha kuyapenda."

Basi, salamu zake ndizo hizo. Unamjua. Tangu uondoke, habari za utawa hataki kuzisikia. Habari za punda hazimwishi.

Apolonia mke wangu anakusalimu sana. Jibu.

Mdogo wako,
Salvatory


Monasterini, Nyanda za Juu
24 Novemba 2024

Mdogo wangu Salvatory,

Milele amina. Barua yako imefika wakati ukungu umeshuka mpaka kwenye mlango wa kanisa. Siku za namna hii tukiimba asubuhi siwaoni masista waliosimama upande wa pili. Nasikia sauti tu, kama zinatoka ndani ya maziwa. Nimeisoma barua nikiwa nimekaa kwenye ngazi, na nilipoinua macho nilimwona Malunde akija kwenye huo ukungu. Najua si kweli. Lakini alikuja, kichwa chini, masikio yakienda mbele na nyuma kama kawaida yake, na hakuwa anachechemea.

Kwa heshima zote mrudishie mjomba chuma chake. Moto hautoi ugonjwa kwenye kiungo, unaongeza kidonda juu ya maumivu. Mimi hapa nimepangiwa kuwahudumia masista wazee, na karibu wote wana baridi yabisi. Asubuhi nazijua. Nawakanda kwa kitambaa cha maji ya moto, nawainua kidogokidogo, nawaacha wakae kitandani kwanza mpaka magoti yakubali. Wengine huomba msamaha kwa kuchelewa, nami nawaambia ibada itawangoja. Sijui kama viungo vya punda ni tofauti sana na vyao.

Mtafute afisa mifugo, huko Lagangabilili hawezi kukosekana. Na jambo moja nakuomba kwa mkazo: Malunde asipandwe tena. Najua ninachokisema. Najua mayu ataikosa Misa, au itabidi umtafutie pikipiki. Lakini mnyama aliyepiga goti akakumbuka kumshusha mtu salama, huyo amekwisha kusema kila alichotaka kusema.

Mwambie mayu maganda ya viazi ayaloweke kwenye maji yenye chumvi kidogo. Malunde alikuwa akiyapenda hivyo.

Mayu mwenyewe hajambo? Hukuandika.

Dada yako,
Sista Maria Specioza


Nkoma, Itilima
12 Januari 2025

Dada,

Heri ya Mwaka Mpya. Maganda ameyala. Mayu hakusema kitu, lakini sasa kila siku kuna sufuria la maji ya chumvi karibu na jiko na hakuna anayeruhusiwa kulisogeza.

Afisa mifugo alikuja. Ni dada mmoja anaitwa Lucy, anaendesha pikipiki mwenyewe, na hapa kijijini tayari watu wanamwita daktari. Alikaa chini kabisa kwenye vumbi, akamwinua Malunde miguu yote, mmoja baada ya mwingine, bila haraka, akiongea naye. Kisha akaniambia, "Punda haonyeshi maumivu. Huyu mpaka mmemwona anachechemea, ameficha muda mrefu."

Nikamwuliza atapona lini.

"Haponi," akasema. "Kiungo kimelika. Tutaishi nacho vizuri, hilo linawezekana."

Mjomba Josia alikuwa amesimama pale, amefumbata mikono. Akauliza kuhusu chuma. Lucy hakumcheka. Alimwambia, "Mzee, ukimchoma ataacha kuchechemea siku mbili tatu kwa sababu maumivu mapya yamezidi ya zamani. Si kwamba amepona." Mjomba akachukua chuma chake, akaenda nyumbani. Kesho yake alirudi na mzigo wa nyasi kavu.

Basi tunaishi hivi. Kwato zilikuwa zimerefuka, zikamlazimisha kukanyaga vibaya, Lucy amezikata na amenifundisha kuzitunza. Amesema Malunde amenenepa na uzito unaumiza kifundo, kwa hiyo pumba tumepunguza. (Mayu alikuwa akimpa matobolwa, vile viazi vikavu, kwa siri. Tumegundua.) Zizini tumeinua sakafu kwa mchanga na nyasi ili asilale kwenye tope. Siku mbaya anapewa dawa ya maumivu ndani ya chakula, siku nzuri hapewi, kwa sababu ikizidi inachoma tumbo. Mzigo hakuna. Kupandwa hakuna. Ila kila siku lazima atembee, polepole, kwenye ardhi ngumu. Akisimama siku nzima kiungo kinaganda.

Sasa nani wa kumtembeza, na mimi niko palizi? Mayu akasema, "Kama dawa yake ni kutembea, nitatembea naye."

Tulikataa wote. Akachukua fimbo.

Wanatoka jua linapochomoza. Mayu ana nyonga, Malunde ana kifundo. Wanakwenda hatua chache, wanapumzika, wanakwenda tena. Wakati ule ardhi inafuka mvuke baada ya mvua, ukiwaangalia kutoka shambani huoni miguu yao, unaona migongo miwili tu inaelea juu ya pamba. Hujui nani anamsindikiza nani. Jumapili wanakwenda hivyohivyo mpaka kigangoni, wanafika Misa imefika kwenye mahubiri, na mayu anamfunga Malunde dirishani ili asikie. Pikipiki niliyomtafutia aliikataa. Amesema haina masikio.

Uliuliza kama hajambo. Hajambo. Nilipomwuliza akutumie salamu gani alisema, "Mwambie asubuhi ni mgumu, lakini jua likimgusa anakumbuka kutembea."

Mdogo wako,
Salvatory


Monasterini
27 Februari 2025

Mdogo wangu,

Naandika kwa haraka kabla ya Kwaresima. Barua yako nimeisoma mpaka imelainika kwenye mikunjo. Sista Yohana, mzee kuliko wote hapa, ameniomba nimsomee ile sehemu ya mvuke na pamba, kisha akaniomba tena kesho yake. Sasa nikimwinua asubuhi anasema, "Twende, Malunde."

Nimewaota. Nilikuwa nimesimama mahali pa juu, nao walikuwa wakija kutoka mbali sana, wadogo kama mbegu, na kila nilipotazama walikuwa bado wanakuja. Sikuwa na wasiwasi. Nilijua nina muda wote wa kuwangoja.

Mwambie Malunde asichoke. Akichoka, apumzike, kisha aendelee. Wabeja, asante sana, mdogo wangu. Tutaandikiana baada ya Pasaka.

Dada yako,
Sista Maria Specioza


HARAKA
Kwa Sista Specioza, kwa mkono wa Frateri Januarius

Nkoma
Jumatatu, 17 Machi 2025

Dada,

Ameanguka. Jana tukitoka kigangoni, pale bondeni kwenye udongo mweusi, mvua ilikuwa imepiga. Mguu wa kulia umekunjika chini yake. Tulishindwa kumwinua mpaka walipokuja watu. Sasa amelala, mguu haukanyagi kabisa, tunamgeuza ubavu huu na ubavu huu. Hali kitu. Maji kidogo tu, akipewa na Apolonia. Daktari amesema mfupa wa umri huu hauungi tena. Mjomba Josia amekuja, amekaa karibu naye tangu asubuhi.

Najua ni Kwaresima. Frateri Januarius anasafiri kurudi seminari, atapita kwenu, tumesimama naye mlangoni, ananingoja. Sema neno lolote, dada. Mimi nimeishiwa.

Salvatory


Monasterini
20 Machi 2025

Mdogo wangu mpenzi,

Mama Mkuu amenipa ruhusa ya kukujibu, ingawa ni Kwaresima, kwa sababu aliona uso wangu.

Malunde wetu. Nimelia, na sioni haya kukuambia. Lakini sikiliza sasa, maana wewe uko hapo naye na mimi sipo. Msimlazimishe kusimama. Punda aliyevunjika mguu katika umri ule hawezi kuponywa, na kumgeuzageuza ni kurefusha mateso kwa ajili yetu sisi, si kwa ajili yake. Mwite Lucy. Kama ana sindano ya kumlaza bila maumivu, ampe. Mayu akikataa, mwambie mwenye mtoto amekubali.

Kabla ya hapo nakuomba kitu kimoja. Inama karibu na sikio lake, umwambie maneno haya kama nilivyoyaandika, usiyapunguze:

Kipenzi changu, ni mimi. Umebeba vya kutosha. Siku ile nilipoondoka sikugeuka nyuma, kwa sababu ningekuona umesimama pale ningerudi. Sikukuaga. Nakuaga sasa. Usijilazimishe kusimama kwa ajili ya mtu yeyote, wala kwa ajili yangu. Lala. Unakokwenda hakuna tope. Nami nitakuja kwa njia hiyohiyo, taratibu, nikifika tutatembea pamoja.

Baada ya hapo mfunike uso kwa kitambaa safi. Na umshike mayu mkono.

Dada yako,
Specioza


Nkoma, Itilima
22 Aprili 2025

Dada,

Kristo amefufuka. Kaa chini kwanza kabla hujasoma. Kama kuna sista karibu, mwambie akae nawe.

Aliyeanguka hakuwa Malunde. Aliyeanguka alikuwa mayu.

Nimeirudia mara nyingi kichwani ile barua niliyoiandika nimesimama, karatasi juu ya mgongo wa Frateri Januarius. Sikuandika jina. Nilidhani ukisoma "ameanguka" utajua ni nani, kwa sababu kwetu hapa siku ile alikuwa mmoja tu aliyeanguka duniani. Simu ya monasteri tulipiga, mimi na Apolonia, haikupatikana siku ile wala siku zote zilizofuata.

Walikuwa wakirudi kutoka kigangoni, yeye na Malunde, mimi nimetangulia. Aliteleza. Nyonga ikavunjika. Hospitali walimpiga picha, wakasema kwa umri wake na moyo wake hawawezi kumpasua, wakatupa dawa za maumivu. Yeye mwenyewe akasema, "Nipelekeni nyumbani, kuna mtu anahitaji kutembezwa." Tukamrudisha.

Barua yako ilifika mwanzoni mwa Aprili, katekista aliileta. Mayu alikuwa macho. Aliuona mhuri wa posta akasema, "Huyo ni Specioza. Soma." Nikafungua. Nikaona jina la Malunde kwenye mstari wa pili, nikaelewa kila kitu. Mstari wa sindano niliuona pia.

"Soma," akasema tena.

Dada, unihukumu utakavyo. Niliruka. Nilisoma kuanzia "Kipenzi changu, ni mimi," nikaishia "tutatembea pamoja." Nilisoma karibu na sikio lake kama ulivyoagiza.

Apolonia alikuwa mlangoni, aliacha hata kupepeta mchele. Kisha mayu akasema, "Hayo maneno ni ya Malunde."

Nikajaribu kusema hapana. Akanizuia kwa mkono.

"Si kitu," akasema. "Mimi naye miaka yote tumesalimiana kupitia huyohuyo. Nilidhani hajui." Akacheka, dada. Kicheko kidogo, kwa sababu kilimuumiza. "Nisomee tena."

Nikamsomea. Tangu siku ile kila jioni jua likianza kushuka alitaka asomewe, na kila nilipofika kwenye "sikukuaga" alikuwa akisema, "Basi, basi, ameshaaga." Malunde tulimwacha nje ya dirisha lake, kwa sababu alipofungwa zizini alipiga mlango kwa kwato mpaka tukaogopa ataumia zaidi. Alikuwa akisimama pale, uzito ameuhamishia mguu wa kushoto. Mayu akisikia pumzi yake alikuwa anatuliza mikono.

Alifariki Alhamisi kabla ya Jumapili ya Matawi, asubuhi. Hakuteseka. Dakika za mwisho aliniuliza kama Malunde ameshatoka kutembea. Nikasema bado. Akasema, "Asikae sana, ataganda." Hayo ndiyo ya mwisho.

Tumemzika karibu na baba. Mjomba Josia alichimba yeye mwenyewe, na umri ule, hakutaka kusaidiwa.

Sijui nimalizie vipi.

Salvatory


Monasterini
6 Mei 2025

Mdogo wangu,

Siku ile Frateri Januarius aliiacha barua getini akawahi basi lake, na Mama Mkuu akaisoma kwanza, kama ilivyo desturi. Akaniita. Akaniuliza, "Anayezungumzwa hapa ni nani? Kama ni mama yako, nitakupa ruhusa ya kwenda leo hii." Nikamjibu, "Ni punda wa nyumbani, Mama." Nilijibu bila kufikiri hata kidogo. Gari la monasteri lilikuwa linakwenda mjini mchana ule. Nililiona likitoka getini.

Simu ilikuwa imekufa kwa sababu ya radi.

Usiombe msamaha kwa kuruka mstari. Ungeniuliza nikuchagulie, ningechagua hivyohivyo. Lakini mimi ndiye niliyeandika asipandwe tena. Nimelala na sentensi hiyo kila siku. Nilimwonea huruma mnyama, na mayu akashuka chini akatembea.

Sista Yohana aliniona nalia bustanini akaniita. Nilimweleza. Hakunifariji. Alinyoosha mguu wake mmoja, taratibu, ukalia kwenye goti, akasema, "Mama yako alikuwa na pikipiki. Akachagua kutembea. Usimnyang'anye hilo."

Bado sijui kama naweza kulikubali.

Sasa Malunde anatembezwa na nani?

Dada yako,
Specioza


Nkoma, Itilima
19 Mei 2025

Dada,

Apolonia alijaribu, hakumfuata. Mimi nilijaribu, alitembea mpaka kwenye uzio akageuka. Mjomba alimletea nyasi mbichi kutoka kwenye ngitili yake, ile anayoitunza kwa ajili ya ng'ombe zake wakati wa kiangazi. Amekula, lakini kutembea hatembei. Lucy amekuja, ameshika kifundo, kimeanza kukaza. Amesema hakuna sindano ya kuponya hilo. Asipotembea hatutakuwa naye msimu ujao.

Nakueleza tu kwa sababu umeuliza.

Salvatory


Nkoma, Itilima
17 Juni 2025

Mama Mkuu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Nimefika salama, na nakushukuru tena kwa ruhusa hii ambayo sikuiomba. Uliponiita ukasema, "Nenda ukamzike mama yako," nilitaka kukukumbusha kwamba ameshazikwa. Sasa nimeelewa ulichokuwa unasema.

Pamba imefunguka yote. Nilisahau kwamba inakuwa hivi. Asubuhi nchi nzima ni nyeupe mpaka mbali, na kabla jua halijapanda huwezi kusema pamba inaishia wapi na anga inaanzia wapi. Watu wanavuna wakiwa wamezama mpaka kiunoni, wanaongea, na sauti zao zinakuja zimechelewa. Siku ya kwanza nilitembea katikati ya hayo yote nikiwa na mavazi yangu, wazee waliokuwa wakivuna wakasimama. Mwanamke mmoja akapiga magoti. Nilimwinua, akanitazama, akasema, "Wewe ni mtoto wa Ng'washi," jina la mama yangu la usichana, kisha tukalia wote wawili, ingawa mimi sikumkumbuka.

Salvatory amekuwa mtu mzima mwenye kitambi. Mkewe Apolonia ni mwanamke mwenye moyo mpana. Mjomba Josia hajazungumza nami sana. Alinipokea mzigo kituoni, akatembea mbele, na tulipofika kaburini akavua kofia akaenda kukaa mbali.

Malunde hakunijua. Naiandika hivyo kwa sababu najua utaniuliza. Nilikuwa nimejiandaa kwa miaka mingi, Mama, kwa siku nitakayomwona. Alinusa kanzu yangu, akageuza kichwa, akaendelea na nyasi. Ana mvi mpaka kwenye kope. Kile kifundo ni kikubwa kama ngumi ya mwanamume. Lucy, yule afisa mifugo, alikuja kunionyesha namna ya kuweka kiganja na kusikiliza joto. Nikaweka. Akaniuliza, "Unasikia?" Nikasikia. Ni joto lilelile la magoti ya Sista Yohana.

Siku mbili za mwanzo hakutembea. Nilimkanda kwa kitambaa cha maji ya moto kama ninavyofanya huko, nikampa dawa yake ndani ya pumba, nikakaa naye. Sikumvuta. Siku ya tatu nilichukua fimbo ya mayu iliyokuwa imeegemezwa ukutani, si kwa kumchapa, ila mimi mwenyewe nilikuwa nimechoka. Ilipogusa ardhi akainua masikio. Akatangulia.

Basi tangu siku hiyo tunakwenda kila asubuhi. Mimi simwongozi. Mwanzoni nilidhani anasimama kwa sababu ya maumivu, nikawa nangoja mguu upumzike. Baadaye nikaona anasimama mahali palepale kila siku. Anasimama kwenye mti wa kivuli karibu na kisima. Anasimama kwenye shamba la Kristofa, ambapo mwenye shamba anatoka na kumpa bua moja la mtama, kama mtu anayelipia njia. Lucy alicheka nilipomweleza. Alisema punda hukariri. Aliyemkaririsha alikuwa mayu.

Leo tulikwenda mbali zaidi. Ilikuwa mara ya kwanza kufika kule ambako njia inaelekea kigangoni. Alikuwa akitembea vizuri, mguu umelegea, jua limeshapanda, na nilikuwa nimeacha kumwangalia kifundo. Akageuka akaingia kwenye uwanja wa nyumba moja ndogo yenye bati jipya. Nilitaka kumzuia, nikakumbuka si mimi ninayeongoza.

Hapo anaishi mama mmoja mzee anayeitwa Mama Marcelo. Macho yake hayaoni tena. Salvatory alishaniambia habari zake: alikuja mazishini, alilia kuliko wengi, na tangu hapo amekuwa akisahau. Wanamwambia, anasikitika upya, kisha kesho anauliza tena. Sasa wameacha kumwambia.

Kwato za Malunde zina mlio wake. Tatu zinakwenda sawa, ya nne inachelewa kidogo. Mama Marcelo aliusikia akiwa ndani.

"Mama Specioza!" akaita. "Leo umechelewa."

Mama, nilisimama pale uwanjani. Nilijua jambo la kweli la kusema. Miaka yote niliyokuwa nikiimba huko kwenye ukungu, kila siku, kila aliyemsalimia mama yangu alikuwa akilitaja jina langu, naye akiitika. Nilitaka kusema mimi si yeye. Malunde alikuwa ameshainamisha kichwa chini ya upenu wa mlangoni, kwenye kivuli, amepumzisha mguu.

"Ni kweli, mayu," nikasema. "Nimechelewa."

"Basi ingia, uji una joto bado." Alikuwa anapapasa kigoda, anakipangusa kwa kanga yake. "Ingia ukae, unieleze habari za yule mtoto wako. Ulisema ameandika."

Nikamwacha Malunde kivulini bila kumfunga. Nikaingia, nikakaa, nikamweleza.

Jumamosi nitapanda basi la Bariadi kurudi. Apolonia ameanza kutembea nasi, fimbo ameishika yeye jana na Malunde amemfuata.

Binti yako katika Kristo,
Sista Maria Specioza